Mishale ya Stoke Mandeville

Mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Kiingereza, Margaret Maughan, alipata ajali ya gari huko Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Uti wa mgongo uliumia vibaya, miguu ikapooza, naye akarudishwa kwao Uingereza. Kama ajali hiyo ingetokea miaka ishirini nyuma, angerudishwa kwao kwenda kufa. Maughan alipelekwa Stoke Mandeville, hospitali ya mabanda iliyokuwa nje ya mji mdogo wa Aylesbury, akapewa kiti cha magurudumu, na baadaye akapewa upinde. Septemba 1960 alikuwa Roma, na huko akawa Mwingereza wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu katika michezo tunayoiita leo Paralimpiki.

Ushindi wenyewe ulimkuta ndani ya basi. Alikwisha kurusha mishale yake na kupakiwa tayari kurudi kambini, bila hata mtu mmoja kumwambia nani kashinda, ndipo wakaja watu kumsaka na kumshusha ili akavishwe medali. Dhahabu ya pili aliipata katika kuogelea mita 50 kwa mgongo, ambako mshindani alikuwa yeye peke yake. Kazi yake ilikuwa kufika upande wa pili bila kuzama.

Sasa, hospitali gani humpa upinde mgonjwa aliyepooza? Jibu linaanzia mbali na viwanja, katika wodi ya majeruhi wa migodi huko Silesia ya Juu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Ujerumani.

Ilikuwa mwaka 1917. Kijana wa Kiyahudi aitwaye Ludwig Guttmann, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijitolea kuhudumia majeruhi katika hospitali ya mji wa Königshütte. Akaletwa mchimba makaa ya mawe, bado kijana na mwenye mwili wa nguvu, mgongo umevunjika. Madaktari wakamfunga plasta kiwiliwili kizima na kumzungushia pazia ili wagonjwa wenzake wasimwone. Guttmann alipoanza kuandika maelezo ya hali yake, akaambiwa asijisumbue, huyo ana wiki chache tu. Zilipotimia tano, akafa kweli.

Kilichomuua si mfupa. Mtu mzima wa afya akilala usingizi hugeuka mara nyingi bila kujijua, kwa sababu ngozi iliyobanwa humwasha na kumsumbua mpaka asogee. Aliyepooza hasikii chochote. Ngozi ya makalio na visigino hukosa damu, hufa, huoza, na kidonda huchimba mpaka kwenye mfupa. Kibofu nacho hakijui tena kujikamua, mkojo hutuama, figo hushambuliwa. Usaha wa huku na wa kule ukikutana kwenye damu, safari imekwisha. Hivyo ndivyo walivyokufa wengi mno wa askari walioumia uti wa mgongo katika Vita Kuu ya Kwanza, tena wengine katika majuma ya mwanzo, na madaktari waliona ndiyo kawaida ya jeraha lenyewe.

Guttmann alisoma udaktari, akawa bingwa wa mishipa ya fahamu chini ya Otfrid Foerster mjini Breslau, na pengine angezeekea huko kama Wanazi wasingeingia madarakani mwaka 1933. Myahudi hakuruhusiwa tena kutibu katika hospitali za kawaida. Akahamia Hospitali ya Wayahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wake. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa na wanaume wa Kiyahudi kukamatwa mitaani, aliamuru kila anayebisha hodi apokewe na kulazwa, mgonjwa asiwe mgonjwa. Asubuhi polisi wa siri wa Gestapo wakaja kuuliza imekuwaje wagonjwa 64 waingie kwa usiku mmoja. Akawazungusha kitanda kwa kitanda, akimtungia kila mmoja ugonjwa, huku akiwakonyeza waliolala wajue la kufanya. Watu 60 waliokoka kukamatwa siku ile.

Muda si mrefu baadaye Wanazi wenyewe walimrudishia pasipoti, kwa sababu Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje, alitaka aende Lisbon kumtibu rafiki wa Salazar, mtawala wa Ureno. Safari hiyo ikamfungulia mlango wa Uingereza. Machi 1939 alitua Oxford na mkewe Else na watoto wawili. Kwa miaka minne alifanya utafiti maabara, bingwa asiye na wodi. Kisha serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikijiandaa kuivamia Ulaya na kutazamia majeruhi wengi, ikamtaka aongoze kituo kipya cha waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wenzake walishangaa. Kazi ya kusubiri watu wafe ina heshima gani? Akakubali kwa sharti moja, kwamba atatibu kwa njia zake bila kuingiliwa.

Kituo kilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944 kikiwa na vitanda visivyofika thelathini na mgonjwa mmoja. Wengine wakaanza kuletwa, wamefungwa plasta kama maiti katika jeneza, wamelewa dawa za usingizi, wananuka vidonda. Guttmann alikata plasta zote. Akapunguza dawa. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na usiku alipita mwenyewe na tochi kuhakikisha. Kuweka mpira wa mkojo akakufanya kazi ya daktari, kwa usafi mkali, isiachiwe mtu yeyote tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji mashine ya gharama. Penisilini ilisaidia, lakini kilichookoa maisha zaidi ni mikono ya wauguzi na ukali wa mzee mmoja ambaye wagonjwa walimwita Poppa na kumchukia kwa zamu.

Vidonda vikapona. Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo wachache mno waliwahi kuwa nalo kabla, kwa sababu wachache mno waliwahi kuishi muda wa kutosha kulipata. Vijana wa miaka ishirini na kitu, hai, wenye akili timamu, hawatatembea tena. Wafanye nini hadi uzeeni? Desturi ilikuwa kuwapeleka nyumba za kutunzia vilema wakae dirishani. Guttmann alikataa katakata. Alitaka watoke pale walipa kodi. Neno hilo alilipenda na hakuona haya kulitumia. Asubuhi waliingia karakana ya useremala, wengine wakajifunza kutengeneza saa, wengine kupiga taipu. Mgonjwa mmoja alilalamika kwamba mahali hapa mtu hapati nafasi ya kuugua.

Michezo iliingia kwa mlango wa uani. Nje ya wodi wagonjwa walikuwa wakikimbizana na viti vyao, wakipiga kisahani kwa fimbo za kutembelea zilizogeuzwa juu chini. Guttmann akawaona, na badala ya kuwafukuza akapanda kiti yeye mwenyewe pamoja na mkufunzi wa mazoezi kujaribu. Mchezo huo, polo ya viti, ulikuwa wa fujo na vidole viliumia, hivyo ukaachwa na mahali pake ukawekwa mpira wa kurusha wavuni, uliokuja kuwa mpira wa kikapu. Kisha wakaletewa upinde.

Upinde haukuchaguliwa kwa bahati. Katika mwili wa binadamu upo msuli mpana wa mgongo unaotoka kwenye mkono na kushuka hadi kwenye nyonga. Mishipa ya fahamu inayouendesha huchomoka shingoni, kwa hiyo mtu aliyevunjika kifuani au kiunoni bado anaumiliki, hata kama kila kitu cha chini kimezimika. Ndio uzi pekee wa nguvu unaounganisha nusu hai na nusu iliyopooza. Kuvuta upinde huujenga msuli huo, na ukiwa na nguvu mtu huweza kuketi wima bila kuanguka, kujiinua kwa mikono ili damu ipite makalioni, kujihamisha kutoka kitini kwenda kitandani au chooni bila kubebwa. Mpira wa kikapu nao ulifundisha kugeuza kiti kwa ghafla, kusimama, kuyumba na kurudi. Mapafu yalipanuka, jasho likatoka, mtu akanywa maji mengi na figo zikasafishika. Ukimwambia kijana ainue mkono mara mia, atachoka kwa kuchoshwa. Ukimpa mpira na mpinzani anayemdharau, atauinua mara mia tatu na kudai mechi ya marudio.

Upinde ulikuwa na faida nyingine ambayo daktari haandiki kwenye cheti. Shabaha haijui nani kaketi na nani kasimama. Mwenye kiti aliweza kushindana na mwenye miguu kwa kanuni zilezile na kumshinda, na hakuna haja ya mtu kumwonea huruma. Jambo hili lilithibitika hadharani mwaka 1984 pale Neroli Fairhall wa New Zealand, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki, alipolenga shabaha katika Olimpiki yenyewe ya Los Angeles, akiwa kitini katikati ya waliosimama.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, kwenye nyasi za Stoke Mandeville walijipanga wapiga upinde 16, wanaume 14 na wanawake wawili, wote waliojeruhiwa vitani. Upande mmoja ni wenyeji, upande wa pili ni wakazi wa nyumba ya Star and Garter ya Richmond, nao wageni ndio walioshinda. Guttmann aliichagua tarehe kwa makusudi. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba michezo hii itakuja kuwa Olimpiki ya waliopooza, na waliomsikia walimwona mzee kapitiliza. Mwaka 1952 wakaja Waholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa.

Kutoka hapo hadi Roma ilikuwa miaka minane. Daktari Antonio Maglio, aliyeendesha kituo cha Ostia kwa mbinu za Stoke Mandeville, aliwezesha wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 kushindana Roma mara tu Olimpiki ya 1960 ilipomalizika. Walipofika wakakuta nyumba walizopangiwa zimejengwa juu ya nguzo, hazifikiki ila kwa ngazi. Wanajeshi wa Italia waliwabeba juu na chini kwa siku zote za michezo. Sijui kama upo mfano ulio wazi zaidi ya huu: mabingwa wa dunia wanaovuta pinde na kurusha mikuki, wameshindwa na mchora ramani ya jengo.

Tokyo ya 1964 ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu pale michezo ilitikisa nchi. Daktari kijana wa mifupa wa Japan, Yutaka Nakamura, alikuwa amekwenda Stoke Mandeville mwaka 1960 na kushangazwa kuona jinsi wengi wa waliopooza walivyorudi makazini baada ya miezi michache tu. Alipoanzisha michezo huko Oita, wenzake walimshutumu kwamba anawatembeza wagonjwa kama vikaragosi. Hakukoma, na 1964 Japan ikaandaa. Wanamichezo wengi wa Japan walitolewa moja kwa moja vitanda vya hospitali na vituo vya kutunzia. Wakakutana na Waingereza, Waitaliano na Wamarekani waliopooza kama wao, lakini hawa walikuwa na ajira, wake na waume, magari ya kuendesha kwa mikono, na jioni walitoka kwenda mjini kunywa. Medali alipata nani halikuwa swali tena. Swali lilikuwa kwa nini sisi tumelazwa. Mwaka uliofuata Nakamura alifungua Taiyo no Ie mjini Beppu, mahali pa kazi na si pa kutunziwa, na baadaye kampuni za Omron, Sony na Honda zikaanzisha viwanda pamoja nao. Tangu 1981 Oita ina marathoni yake ya viti vya magurudumu.

Wanamichezo hawakukubali hata hivyo kuwa wagonjwa wa daktari daima. Kwa miaka mingi mbio za viti katika michezo hii zilikuwa fupi mno, mita 60 mwaka 1964, kwa hofu kwamba umbali ungewadhuru. Hofu hiyo ilivunjwa barabarani. Mwaka 1975 Bob Hall, Mmarekani aliyepooza kwa polio, aliomba kushiriki marathoni ya Boston. Akaambiwa atapewa cheti kama atamaliza chini ya saa tatu. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58, kisha akaendelea kuunda viti vyepesi vya mbio kwa mikono yake. Mwaka uliofuata, katika Paralimpiki ya Toronto, mbio za viti zilifika mita 1,500, na kwa mara ya kwanza wasioona na waliokatwa viungo walishindana pia. Guttmann aliyaona hayo. Alifariki Machi 1980. Huko Seoul mwaka 1988 Paralimpiki ikaingia katika viwanja vilevile vya Olimpiki.

Kenya na Uganda ziliingia katika michezo ya Heidelberg mwaka 1972. Lakini hadithi ya kwetu niipendayo ni ya Tofiri Kibuuka wa Uganda, asiyeona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa vijana wasioona waliopanda Kilimanjaro. Theluji hiyo haikumtosha. Mwaka 1976 Sweden ilipoandaa Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, huko Örnsköldsvik, Kibuuka alikuwepo, ameiwakilisha Uganda katika mbio za kuteleza juu ya theluji, Mwafrika wa kwanza katika michezo hiyo. Baadaye alihamia Norway na kuipatia medali katika riadha.

Mkenya Mary Nakhumicha alishinda dhahabu ya mkuki Seoul 1988, akirusha akiwa ameketi. Miaka kumi na miwili baadaye alikuja Mkenya mwenzake, Henry Wanyoike wa mji wa Kikuyu, ambaye mwaka 1995 kiharusi kilimnyang'anya karibu uwezo wote wa kuona, akiwa na miaka 20 tu na tayari mkimbiaji mwenye matumaini. Huko Sydney 2000, katika mita 5,000, mwelekezi wake, John Kibue, alikuwa ametoka kuugua. Wasioona hukimbia wamefungamana na mwelekezi kwa kamba fupi, na kanuni haimruhusu mwelekezi kuvuka mstari mbele ya mkimbiaji wala mkimbiaji kumwacha nyuma. Mzunguko wa mwisho Kibue aliishiwa kabisa, na ikabidi asiyeona amburute anayeona hadi mwisho. Dhahabu ikapatikana hivyo. Athens 2004, na rafiki yake wa utotoni Joseph Kibunja kamba mkononi, Wanyoike alishinda mita 5,000 kwa dakika 15 na sekunde 11, rekodi ya dunia, na 10,000 pia.

Tukitazama medali za kanda yetu tutaona jambo. Nyingi ni za wasioona na wenye ulemavu wa mkono, watu wanaokimbia kwa miguu yao. Wale ambao michezo hii ilibuniwa kwa ajili yao, waliopooza miguu, ni wachache. Kiti cha mbio hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, ni ghali, na kwetu hata kiti cha kawaida cha kwenda sokoni ni cha kuomba. Anne Wafula Strike, aliyepata polio akiwa mtoto magharibi mwa Kenya, alipanda kiti cha mbio baada ya kuhamia Uingereza. Athens 2004 aliishindania Kenya, akiwa mkimbiaji wa kwanza wa kiti kutoka Afrika Mashariki, na baadaye akaikimbilia Uingereza. Na kabla ya kiti kuna kile kilichoanza 1944: kugeuzwa kila saa mbili. Anayekufa kwa vidonda vya kulala nyumbani kwake hafiki kwenye kikapu wala mshale.

Rwanda ilipata njia isiyohitaji kiti. Voliboli ya kuketi, iliyobuniwa na Waholanzi miaka ya 1950, huchezwa sakafuni katika uwanja wa mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume huwa mita 1.15 tu kutoka chini. Mchezaji huvua mguu wa bandia na kusogea kwa mikono na makalio. Vita na mauaji ya kimbari ya 1994 viliacha watu wengi waliokatwa viungo, na mabomu ya kutegwa ardhini yakaongeza. Dominique Bizimana alipoteza mguu akipigana upande wa waasi wa RPF. Jean Rukondo alikuwa askari wa jeshi la serikali waliyopigana nayo, naye mguu wake uliondoka na bomu la ardhini. Wote wawili wakakaa sakafu moja, jezi moja, wakipeana mpira, na Bizimana akaongoza kamati ya Paralimpiki ya nchi. London 2012 timu ya wanaume wa Rwanda ikawa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza voliboli ya kuketi katika Paralimpiki. Wanawake wakafuata Rio 2016, wakarudi Tokyo, wakarudi tena Paris 2024.